Zamu ya Kurudi: Maisha ya Mwalimu Bibiana Alexander Singano (1992–2025)

Mwalimu Bibiana Alexander Singano, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1992 Amani, milimani wilayani Muheza. Alikuwa mtoto wa tatu na binti pekee wa marehemu Mzee Alexander Singano na Bi. Paulina. Baba yake alifanya kazi katika kitalu cha miche. Mama yake alilima iliki na migomba, na bado analima. Bibiana alibatizwa akiwa na wiki sita. Tangu utotoni alikuwa mtu wa maneno machache. Mama yake anakumbuka kwamba akitumwa chumvi alirudi na chumvi, bila hadithi yoyote ya njiani.

Alisoma elimu ya msingi hapo hapo Amani kuanzia mwaka 1999 hadi 2005, kisha sekondari Muheza. Baba yake alifariki Juni 2009, miezi minne kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Bibiana alipanda kwenda kuzika, akakaa siku tatu, akashuka kurudi shuleni, akafaulu. Mwaka 2010 alijiunga na chuo cha ualimu Korogwe, akahitimu mwaka 2012.

Februari 2013 aliajiriwa na kupangiwa Moa, wilayani Mkinga, karibu na mpaka wa Kenya. Alipewa darasa la kwanza, watoto themanini na wawili, na hakuomba kubadilishiwa. Wazazi wa kule walimwita Mwalimu Bibi, ingawa alikuwa na miaka ishirini na moja. Alijifunza salamu za Kidigo ili watoto wasimwogope. Julai 2017 alihamishiwa shule moja ya Tanga mjini, na huko pia aliomba darasa la kwanza. Alifundisha mpaka Novemba 2024, mwili ulipomkatalia kusimama ubaoni.

Moa ndiko alikokutana na Abrahamu Kihiyo, fundi majokofu wa Tanga, aliyekwenda kutengeneza jokofu la mfanyabiashara wa samaki Oktoba 2014. Jioni hiyo kulikuwa na bodaboda moja tu ya kwenda barabara kuu, na abiria walikuwa wawili. Kabla ya kupanda, Abrahamu alivua kofia akaanza kuiombea safari. Aliwataja dereva, pikipiki, mashimo ya njiani, wagonjwa na wajane. Dereva alizima injini.

“Kaka,” Bibiana alimwambia, “Mungu ameshasikia. Giza ndilo linalotusubiri.”

“Mwalimu, safari haianzwi bila sala.”

“Sawa. Tukikutana wakati wa kurudi, nitaomba mimi.”

Hivyo ndivyo ulivyoanza utaratibu wa nyumba yao. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Agosti 2016, na tangu siku hiyo kila safari iliombewa mara mbili. Abrahamu aliomba ya kwenda, Bibiana ya kurudi, na ya kurudi ilisemwa ndani ya nyumba, kabla begi halijafunguliwa. Safari ambayo haijaombewa kurudi ilihesabiwa kuwa haijaisha. Wageni waliona ni mchezo wa maharusi. Wenyewe hawakuwa wakicheza.

Fungate lao lilikuwa siku nne, Ushongo, ufukweni ng'ambo ya mto Pangani. Asubuhi ya kwenda, Abrahamu aliomba kwenye gati la Pangani mpaka kivuko kikawaacha, wakakaa juani saa nzima wakisubiri kingine. Waliporudi nyumbani kwao Duga, Tanga mjini, waliweka begi chini, na Abrahamu akainamisha kichwa kungoja.

“Siombi,” alisema Bibiana. “Ile yako ya kivukoni inatosha mwaka mzima.”

“Zamu ni yako.”

“Najua.”

Ndani ya begi walikuwamo ng'onda walionunuliwa Ushongo, samaki ambao muuzaji aliapa kwamba wamekauka. Hawakuwa wamekauka. Siku ya kwanza kila mmoja alijifanya hasikii harufu. Siku ya pili alasiri jirani yao, Dada Mwamvua, alipiga hodi.

“Jamani maharusi, mmefuga nini humo?”

Abrahamu alimweleza kwamba begi halifunguliwi mpaka mke wake aombe. Mwamvua alilitazama begi, akamtazama Bibiana, ambaye alikuwa ameziba pua kwa kanga.

“Shoga, mwombe Mungu wako upesi. Uani kote huko hakukaliki.”

Bibiana alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema: “Tumefika. Asante. Amina.” Sala hiyo hakuirefusha wala kuifupisha kwa miaka tisa.

Waliisema waliporudi kutoka Lushoto, kutoka Moa kwenye harusi za walimu wenzake wa zamani, kutoka Muheza kwenye misiba. Kwa mwaka mmoja na zaidi waliisema pia baada ya safari za kutafuta mtoto, kliniki moja hadi nyingine, zikiwa safari za kimya sana. Brightness alizaliwa tarehe 21 Februari 2019. Walimpandisha Amani akabatizwe palipobatizwa mama yake, na siku ile Abrahamu aliomba muda mrefu kuliko siku zote. Hakuna aliyemzuia. Bibiana mwenyewe alisema, “Leo mwacheni.”

Mei 2024 Bibiana alihisi uvimbe kwenye titi la kushoto alipokuwa akimbeba mtoto kutoka bafuni. Vipimo vilionyesha saratani, na matibabu yalikuwa Dar es Salaam. Kati ya Juni 2024 na Septemba 2025 walikwenda mara kumi na moja kwa basi la alfajiri, wakirudi baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya wiki mbili. Abrahamu alifunga karakana yake kwanza kwa siku, kisha kwa miezi. Alizijua korido za hospitali kwa mabenchi yake, lipi lina upepo na lipi linavunja mgongo.

Sala zake za kwenda zilifupika. Safari ya kwanza aliwataja madaktari, wauguzi, dereva na madaraja yote kati ya Tanga na Chalinze. Safari ya sita aliomba mkewe asitapike njiani. Safari ya tisa aliomba siti za mbele, basi. Hakuwa amepoteza imani. Alikuwa amechoka, na aliomba kama mtu aliyechoka. Sala ya kurudi ilibaki vilevile. Safari ya kumi, Agosti mwaka huu, Bibiana aliingizwa ndani akiwa ameshikwa mabega, akalala sakafuni kwa sababu sakafu ilikuwa na ubaridi, akasema, “Tumefika. Asante. Amina.” Kisha akamwambia mumewe afungue begi amtolee Brightness maandazi yake.

Safari ya kumi na moja ilianza Jumatatu, tarehe 29 Septemba 2025. Brightness alibaki kwa Mwamvua. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Oktoba, Abrahamu aliingia wodini akitoka kwenye benchi alilolalia usiku wa nne mfululizo. Bibiana alikuwa macho, mkono wake ukiwa juu ya begi lililokuwa kando ya kitanda.

“Tumefika,” alisema. “Asante. Amina.”

“Bado, Mama Bright. Tuko Dar hapa, wodini.”

“Najua tulipo. Hiyo ni ya kurudi. Zamu yangu nimeimaliza.”

“Utaisema nyumbani.”

“Haya. Kaniletee uji.”

Aliporudi na uji alimkuta amelala. Bibiana alifariki siku hiyo hiyo saa sita na dakika ishirini mchana, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu.

Mwili uliwasili Tanga Ijumaa jioni. Begi liliwekwa sebuleni, kando ya ukuta, na likabaki hapo. Bi. Paulina, mama mkwe wa Abrahamu, alitaka nguo zilizomo zifuliwe. “Halijaombewa, mama,” Abrahamu alimjibu. Padri alikuja kufariji, akajitolea kuomba yeye. “Zamu siyo yako, baba padri,” Abrahamu alisema kwa upole. Hakuiomba yeye mwenyewe pia. Alikaa kwenye kiti akilitazama begi, watu wakilizunguka kwenda kunawa mikono, na wengi wetu tuliogopa kwamba hatainuka pale hata kwa mazishi.

Jana Jumapili, baada ya chakula cha mchana, aliulizwa maneno ya mwisho ya marehemu ili yaingie katika wasifu huu. Aliyaeleza kama yalivyoandikwa hapo juu. Mwamvua alikuwa akiokota sahani. Alisimama.

“Baba Bright. Alikwambia hiyo ni ya nini?”

“Ya kurudi.”

“Basi.”

“Lakini hakuisemea hapa nyumbani.”

“Hapa angefika na mdomo upi?” Mwamvua aliziweka sahani chini. “Mwenzio alijua. Kaiomba mapema ili isikuangukie wewe. Na wewe pale ukambishia, mpaka leo unambishia.”

Uani watu waliendelea na mazungumzo yao. Abrahamu aliinuka, akapiga magoti mbele ya begi, akavuta zipu. Zilitoka kanga mbili, kitabu cha sala, kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye karatasi, na jozi mbili za soksi nyeupe za shule, mpya, namba ya Brightness. Bibiana alikuwa amemwomba muuguzi mmoja amnunulie. Abrahamu hakuwa na habari nazo. Alizishika, akamwita mtoto, akampima mguuni. Nguo zilifuliwa jana jioni. Brightness amezivaa soksi hizo leo.

Marehemu ameacha mume, Abrahamu Kihiyo. Mtoto mmoja, Brightness, mwenye umri wa miaka sita. Mama mzazi, Bi. Paulina Singano, kaka wawili na wake zao, na mamia ya watu wa Moa na Tanga ambao yeye ndiye aliyewashika mkono walipoandika herufi ya kwanza. Familia inawashukuru wauguzi, majirani wa Duga, na Dada Mwamvua, aliyelea mtoto wakati wote wa safari hizi.

Bwana ampumzishe Bibiana. Safari yake imeombewa kwenda na kurudi.