Mama Kadirio, Aliyetafuta Maji kwa Hesabu

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili wa fundi viatu na mkunga. Dada yake mkubwa, aliyeketi hapa mbele, anasema alianza kuhesabu kabla ya kuacha kunyonya. Leo ni msiba, tusimbishie.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwao, kisha sekondari ya bweni. Mwaka 1980 alihitimu hisabati chuo kikuu, msichana pekee darasani.

Januari 1981 aliajiriwa na idara ya maji, katika chumba cha ghorofa ya pili chenye kompyuta moja na feni moja, na feni ilikuwa ya kompyuta. Kazi yake ilikuwa kutafuta presha ya maji kila mahali mabomba yanapokutana. Presha ya sehemu moja hutegemea ya jirani zake, kwa hiyo milinganyo elfu sita ilipaswa kukubaliana kwa pamoja. Kuifumbua kwa mkupuo kungeishinda kompyuta. Marehemu alianza na kadirio, akapima kosa lililobaki, kisha akapiga hatua kuelekea upande usioharibu kilichokwisha kurekebishwa. Tena kabla ya yote aliiandaa milinganyo kwa ramani nyepesi ya mabomba makubwa tu. Hatua mia tisa zikawa arobaini. Wenzake wakamwita Mama Kadirio.

Mwaka 1984 fundi bomba wa idara alipanda ngazi zile amefura.

"Dada, karatasi yako inasema mlimani maji yapo. Njoo basi ukaoge!"

"Kaa hapo, kaka," alimjibu. "Tuone nani kakosea."

Alikuwa amekosea yeye. Programu yake ilipunguza kosa hatua kwa hatua bila kurudi kuikagua milinganyo yenyewe, na vijikosa vya kukata desimali vikajilimbikiza. Mashine ilidhani imefika, kumbe bado iko njiani. Marehemu alikwenda mlimani kuomba radhi nyumba kwa nyumba, fundi akimwonyesha njia. Walifunga ndoa tarehe 9 Novemba 1985. Fundi huyo ni mimi ninayewasomea hapa.

Agosti 2024 aliugua figo. Miaka yote mimi mumewe nilikuwa nikimwambia, "Utanifundisha hesabu yako siku moja," naye akijibu, "Ukistaafu." Tulistaafu wote, tukawa na bustani. Alipolazwa Aprili mwaka huu, nilinunua daftari la miraba. Akaniandikia milinganyo miwili midogo.

"Baba, hii ni hatua mbili tu, unafika."

Hatua ya kwanza tuliimaliza Jumatatu jioni. Nilikosea kugawanya mara tatu, akacheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. "Ya pili kesho," alisema.

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya getini, daftari kwapani.

Ameacha mume, dada, binti mmoja na wajukuu wawili. Binti yetu ni mwalimu wa hisabati. Juzi aliniambia, "Baba, lete daftari nikumalizie." Nilimkatalia kwa ukali, na mbele yenu namwomba radhi. Sikuwa nikitaka jibu, mwanangu. Nilikuwa nikitaka kukaa na mama yako.

Alale kwa utulivu mke wangu.