Nchi Iliyobaki Mlimani

Risala ya wanakijiji wa Kwedisanga, Handeni, kwa Bwana Maendeleo, mwaka 1976. Msomaji: Zuena Mhina.

Mgeni rasmi, Ndugu Valerian, pokea shikamoo ya sisi wadogo na hujambo ya wazee wetu.

Makaribisho

Karibu Kwedisanga. Wewe Mnyamwezi, sisi Wazigua. Ni watani tangu misafara ya mababu. Basi litakalokuuma humu ni utani, na litakalokupendeza ndilo la kweli.

Historia

Tangu urudi kutoka Italia kwenye mafunzo ya ushirika, kila mkutano unatufundisha habari za San Marino, nasi tumelishika somo. Ni nchi ndogo mno, imezungukwa na Italia pande zote. Ukipanda basi ukasinzia, unaamka umeshaivuka. Husimuliwa kwamba aliyeianzisha ni fundi mawe aliyekimbilia mlimani kutafuta amani. Mji wake mkuu, nao unaitwa San Marino, uko huko huko juu ya mlima Titano, una kuta za kale na minara mitatu. Mama Mashavu alikuuliza, "Na hao, bwana, mbona hawakuteremshwa barabarani?" Ulicheka ukasema ni swali zuri. Jibu bado tunalingoja.

Sisi tulikaa mlima wa Kwalugulu, penye chemchemi. Serikali ikatuteremsha hapa barabarani ili huduma zitufikie kwa urahisi.

Mafanikio

Nyumba zimenyooka mstari mmoja. Barabara ipo, na magari tunayaona yakipita. Maji ya bomba yameshafika mara nyingi, kwenye hotuba.

Matatizo

Ni hayo hayo maji. Akina mama hupanda Kwalugulu alfajiri, wakirudi jua limeshakuwa kali. Bibi Mwatumu aliteleza huko na ndoo kichwani, akavunjika nyonga, na hadi leo hainuki kitandani. Hili si utani, Ndugu Valerian. Linatuuma.

Maombi

Ulitueleza kwamba kule wakuu wawili huongoza miezi sita tu, na wakishatoka madarakani wananchi hupewa siku chache za kuleta malalamiko juu yao. Hilo hatuliombi, kila nchi na mila zake. Tunaomba bomba, au ruhusa ya kurudi mlimani kama wenzetu wa San Marino.

Maneno yafuatayo tumeyaongeza sasa hivi. Dereva wako, Ndugu Simeo, anasema radieta imekauka na gari haliondoki bila maji. Ya hapa kijijini yalikwisha kwenye chai yako. Mengine yako Kwalugulu, na huko gari halipandi. Ndoo tumekuwekea kando ya kiti, vijana watakuonyesha njia. Bibi Mwatumu naye, kutoka kitandani, amekutumia ngata yake ya kutwikia ndoo. Amesema uichukue moja kwa moja, yeye haimfai tena.

Mungu akupe miguu ya kupanda, na shingo ya kushuka nayo.

Ni sisi watani wako,
Wanakijiji wa Kwedisanga