Olena Hrynkiw Doerksen, Mtafiti wa Mbegu Aliyeolewa na Mkulima wa Kilimo Hai

Mchungaji, shemeji yetu Cornelius, wanetu Marta na Luka, majirani wa Hague na wote mliotoka mbali, mimi ni Taras, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisimame hapa niwasomee maisha ya dada yangu.

Olena alizaliwa tarehe 9 Aprili 1952, nyumbani kwa wazazi wetu Dmytro na Paraskeva Hrynkiw, mashariki ya mji wa Canora, jimboni Saskatchewan, nchini Kanada, theluji ikiwa bado haijayeyuka barabarani, kiasi kwamba mkunga aliletwa kwa trekta, na baba alipenda kusema kwamba mtoto huyo alianza kuwasumbua wakulima kabla hajafumbua macho.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo Canora hadi mwaka 1970, akaenda Chuo Kikuu cha Saskatchewan mjini Saskatoon, akahitimu shahada ya kilimo mwaka 1974 na ya uzamili mwaka 1977, kisha akaajiriwa katika maabara ya mbegu mjini humo, ambako alifanya kazi kwa miaka ishirini na minne, na kuanzia mwaka 1986 alikuwa katika kikundi kilichotafiti aina ya kanola, lile zao la mafuta ya kupikia, iliyobadilishwa vinasaba ili isife inaponyunyiziwa dawa ya magugu, kazi aliyoipenda na ambayo hakuionea haya hata siku moja.

Mume alimpata kwenye maonyesho ya kilimo ya Saskatoon, kiangazi cha mwaka 1976, alipokuwa akiwaeleza wakulima habari za dawa za magugu, kijana mmoja mrefu wa kanisa la Kimenno akapaza sauti kutoka nyuma, "Dada, wewe jembe umewahi kulishika, au unalisoma tu vitabuni?" naye akamjibu mbele ya watu, "Nililishika kabla wewe hujaota ndevu, na hizo ndevu zenyewe bado sizioni," watu wakaangua kicheko, na kijana huyo, ambaye ndiye Cornelius huyu mnayemwona, akarudi kesho yake akiwa amevaa shati safi.

Walifunga ndoa tarehe 22 Julai 1978, wakaishi shambani kwa akina Doerksen, nje kidogo ya mji mdogo wa Hague, kaskazini ya Saskatoon, Mungu akawajalia Marta mwaka 1980 na Luka mwaka 1983, na nyumba hiyo ilikuwa kama bunge lenye wabunge wawili, kwa sababu Cornelius alilima bila dawa wala mbolea ya kiwandani, akapata cheti cha kilimo hai mwaka 1989, na mkewe kila asubuhi alipanda pikapu kwenda maabara kutengeneza vitu ambavyo mumewe aliapa havitakanyaga ardhi yake, wakabishana kwenye uji, wakabishana kwenye supu, na sisi wageni tulijifunza kuomba chumvi mapema kabla mjadala haujapamba moto.

Ndugu zangu, ubishi huo ulikuwa mtamu mpaka Agosti 1999, ambapo kanola ya Cornelius ilikuwa imepata mnunuzi wa Ulaya aliyetaka mbegu isiyo na chembe ya vinasaba vilivyobadilishwa, na jirani yake wa ng'ambo ya barabara, Gerhard Penner, alikuwa amepanda mbegu mpya zilizobadilishwa kwa msimu wa tatu, na chavua ya kanola hupeperushwa na upepo, kwa hiyo Cornelius akamwomba mkewe apime sampuli, naye kwa ruhusa ya mkuu wake akapima, akarudia kupima, kisha akaendesha gari hadi nyumbani na kumkuta mumewe akipaka grisi mashine ya kuvunia.

"Imo?" Cornelius akauliza.

"Imo. Ni kidogo, lakini imo."

Cornelius alifuta mikono, kisha akasema jambo ambalo yeye mwenyewe amenipa ruhusa nilitaje leo: "Olena, tunaojua ni wewe na mimi tu."

"Baba Marta, nikikudanganyia mnunuzi leo, kesho nikisema chakula fulani ni salama, nani ataniamini? Wewe mwenyewe utaniamini?"

Cornelius alitoka, akazunguka shamba lake lote kwa miguu, akarudi wakati wa chakula cha jioni, akavua kofia na kusema, "Mpigie mnunuzi. Gerhard niachie mimi."

Mnunuzi alijiondoa, na habari zikavuma wilaya nzima, wenye kilimo hai wakitaka Gerhard ashtakiwe, wenye mbegu mpya wakiwaita wenzao watu wa kale wanaotaka dunia ife njaa, majirani waliolea watoto pamoja wakaacha kusalimiana, hadi tarehe 2 Novemba 1999 ulipoitishwa mkutano ukumbini, na kila upande ukiamini kwamba Olena atawazima wale wengine.

Dada yangu alisimama na koti lake la kijani, akasema, "Chakula cha mbegu hii nimekila, nimewalisha wanangu, na katika utafiti wangu sikuona kwamba kinadhuru mwili, msinilazimishe kusema nisichokiona. Lakini mume wangu hakuipanda mbegu hii, nayo imo shambani mwake, na mtu aliyechagua kulima kwa njia yake ana haki uchaguzi wake uheshimiwe."

Mzee mmoja akafoka, "Mama, hatukuelewi! Wewe uko upande gani hasa?"

"Mimi nimeolewa na upande mmoja na nalipwa na upande wa pili," akajibu, "na nyote mnakula mkate wangu kila mavuno, kwa hiyo kaeni tuzungumze."

Ukumbi ulicheka bila kupenda, na wa kwanza kunyanyuka alikuwa Gerhard, ambaye Cornelius alikuwa amekwisha kuzungumza naye faragha, akasema kwamba ataacha ukanda mpana bila kanola kando ya barabara, na kutokana na neno hilo, majira yote ya baridi, Olena aliwakalisha watu jikoni kwake, wakakubaliana kuambiana kabla ya kupanda, kusafisha mashine kabla ya kuhamia shamba jingine na kufunika malori yanayobeba mbegu, mapatano yanayofuatwa hadi leo, naye Cornelius akaiacha kanola kwa uchungu, akahamia shayiri na dengu, akastawi.

Olena aliacha maabara mwaka 2001 kwa hiari yake, akafundisha wakulima vijana wa pande zote mbili hadi 2017, na furaha yake kubwa ilikuwa kumwona Marta akirithi kilimo cha baba yake na Luka akiwa mshauri wa mbegu mpya, na ndugu hawa wawili wakibishana kwa sauti zile zile.

Mwezi Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Saskatoon, akapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi, naye akaomba akae nyumbani, ambako wiki yake ya mwisho alimwambia Cornelius kwamba dengu zake zina magugu mengi, Cornelius akasema magugu nayo ni viumbe vya Mungu, Olena akacheka mpaka nesi akaja kutazama kuna nini, na asubuhi ya tarehe 6 Julai 2024, akiwa ameshikwa mkono na mumewe, alifariki dunia bila maumivu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Saskatoon, nesi aliyekuja nyumbani kila siku, wafanyakazi wenzake wa maabara, majirani wa Hague, na Gerhard na mkewe waliotuletea chakula tangu siku ya kwanza, bila yeyote kati yetu kuuliza kimetokana na mbegu gani.

Dada Olena, umefanya kazi yako, umesema kweli yako, umependwa na wote uliobishana nao. Pumzika sasa kwa amani.