Clive Threlfall na Kigurudumu cha Glenys

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Clive Threlfall anastaafu baada ya miaka thelathini na minane katika karakana yetu ya winchi hapa Fleetwood. Alianza kwa kufagia vumbi la shaba chini ya mashine ya kukereza. Anaondoka akiwa fundi mkuu, na vumbi bado limo kwenye nyusi zake.

Kwa jamaa watakaosoma ukurasa huu kwenye sherehe, kazi yake ilikuwa hii. Mashua ndogo ya rimoti haina mtu ndani wa kuvuta kamba ya tanga. Winchi ndiyo inayovuta: mota inazungusha kigurudumu chenye mfereji, kamba inajikunja humo, tanga linaingia. Kigurudumu kikiwa kipana, kamba inakwenda mbio lakini nguvu inapungua. Kikiwa chembamba, nguvu ipo, ila utasubiri. Ukubwa wake unapimwa chini ya mfereji, kamba inapolala, si kwenye ukingo. Karibu kila mgeni wa karakana amepima ukingo, na kila mmoja ameulizwa na Clive, "Kwani kamba yako inalala juu ya ukuta?"

Waliorudi kazini na mtoto mchanga nyumbani wanajua upande wake mwingine. Aliwaachia kiti cha karibu na hita na kuwamiminia chai ya chupa yake. "Kaa kwanza, mama. Kigurudumu hakikimbii." Hata hivyo, kazi mbovu hakuipitisha, hata ya mtu aliyekesha.

Miaka miwili iliyopita mkewe, Glenys, alipata kiharusi. Glenys ndiye aliyemfundisha Clive kuendesha mashua hizi kwenye ziwa letu, wala si kinyume chake. Alipona, lakini mkono wa kushoto, ule wa kijiti cha tanga kwenye rimoti, ulibaki unatetemeka. Kila ulipotetemeka, winchi yake ya mbio ilivuta na kuachia, mashua ikayumba kama mlevi. Akaiweka juu ya kabati. "Anayeitaka aichukue," alisema. Miezi ile Clive alirudi nyumbani na pai yake ya viazi ya chakula cha mchana bila kuigusa.

Masika haya akapata wazo. Winchi ya polepole haiwahi kuufuata mtetemo. Mkono unapotulia, tanga halijasogea. Akakereza kigurudumu chembamba kwa saa zake za chakula cha mchana, akaipa winchi mizunguko sita badala ya minne ili kamba ivutwe urefu uleule, na Jumatano moja ya Aprili akamshawishi Glenys waende ziwani.

Mashua ilikwenda na upepo vizuri kabisa. Kurudi ndiyo ikawa shida. Glenys alivuta kijiti hadi mwisho, tanga likabaki nje, na bila tanga kuingia mashua haiwezi kupanda dhidi ya upepo. Ikaenda kugonga ukuta wa mbali.

"Ni mkono wangu," Glenys alisema. "Nilikwambia, Clive. Usinilete tena."

Clive alizunguka ziwa, akaileta mashua, akafungua kifuniko na kupima. Kamba iliyovutwa ilipungua sentimita sita: chini ya mfereji kigurudumu kilikuwa chembamba kuliko alivyokusudia.

"Si mkono wako," alisema. "Ni mimi. Nimepima ukingo."

"Nani? Wewe?"

"Mimi."

Glenys alicheka hadi akashika reli. "Miaka yote hii unawasimanga watoto wa watu! Nenda kakereze kingine, na safari hii vaa miwani."

Kesho yake wakati wa chai alitusimulia mwenyewe, bila kuulizwa, na wanafunzi wake wote wakamuuliza kwa zamu kama kamba yake inalala juu ya ukuta. Jumatano iliyofuata, kwa kigurudumu kipya, Glenys alimaliza mashindano ya ziwani akiwa wa nne kati ya tisa.

Tajiri wetu wa karakana alimwomba abaki miaka miwili zaidi. Clive alijibu kwamba mashua ya Glenys ni nzito kwa mkono mmoja, na ziwani kuna mtu anayemhitaji kuibeba. Tulielewa. Vigurudumu vitaendelea kukerezwa, na tutapima panapotakiwa.

Asante, Clive, kwa chai, kwa kiti, na kwa kila kazi uliyoirudisha mezani ili tuifanye upya. Nawe Glenys, asante kwa kutuazima mume wako muda mrefu hivyo. Wiki iliyopita, kwenye mzunguko wa mwisho wa mashindano, Clive alilegeza tanga la mashua yake kidogo ili mkewe apite. Glenys aliona, akasimamisha mashua yake katikati ya ziwa na kumwambia mbele ya watu wote, "Usinionee huruma. Vuta tanga lako, tushindane."

Basi vuta, Clive. Tunakutakia maisha mema, na tunamwombea yeye ushindi.