Maji Yanayopumzika Jumapili

Asubuhi ile Injinia Yadira alibandika tangazo kwenye nguzo ya taa, pembeni ya benchi la Nubia muuza kahawa, kisha akaagiza kikombe na kukaa akisubiri kusifiwa. Miaka mitatu kompyuta yake ilikuwa ikilishwa vipimo vya jinsi mto Magdalena unavyovurugika kwenye nguzo ya tatu ya daraja la reli. Sasa ilikuwa imegundua, bila kuambiwa na mtu, mzunguko wa maji wa hatari: huanza saa tano, huisha saa nane, na Jumapili haupo. Kwa hiyo kivuko cha pale kitafungwa Jumatatu. Eustorgio, mwenye mtumbwi wa kuvusha watu, alilisoma mara mbili. Akiwa na miaka sitini na mmoja, angekwenda kuvusha nini tena?

— Ni kambare huyo, alisema Wilfrido, waliyemwita Waziri kwa kuwa hajawahi kukosa jibu wala kufanya kazi. — Mkubwa kama basi. Saa tano anapanda kula.

— Na Jumapili? aliuliza Nubia.

— Jumapili ana misa.

Profesa, fundi baiskeli ambaye shule aliipita kwa nje, akakataa katakata. Kwanza alilaumu bwawa la juu, kisha mwezi, na alipomaliza kikombe cha pili ilikuwa ni nyambizi ya kigeni yenye mabaharia wanaojua haki zao za mapumziko. Yadira alivumilia yote kwa tabasamu la msomi.

— Kompyuta haikisii, wazee wangu. Imeona vipimo milioni arobaini.

Kahawa ya Eustorgio ilikuwa imepoa. Aliogopa, na alijua hasa anachokiogopa.

Hapo akatokea mama mmoja mgeni, kapu la mihogo kichwani.

— Samahanini. Jumapili nilikosa mtumbwi, jana mchana pia. Kwani mvushaji anapumzika saa ngapi?

Nubia akaanza kufuta chupa ya kahawa iliyokuwa safi. Profesa akaangalia viatu vyake. Waziri, kwa mara ya kwanza tangu apewe cheo, akashika kazi: akaanza kupanga vikombe. Yadira akaweka kikombe chini.

Eustorgio akavua kofia.

— Saa tano mpaka saa nane, mama. Jumapili sipo.

— Unapumzikia wapi, Don Eustorgio? aliuliza Yadira, taratibu sana.

— Kivulini, nguzo ya tatu. Nafunga mtumbwi kwenye kile chuma chako cha kupimia. Kina pete nzuri.

Yadira akainuka, akabandua tangazo lake, akalikunja mara nne.

— Kuanzia leo, alisema, — lala nguzo ya pili.