Mzee Cirillo wa Ukuta wa Nyuma

Baada ya miaka tisa ya kulinda bohari yetu ya soko la Konyo Konyo, hapa Juba, Mzee Cirillo Wani, mkuu wa walinzi, anastaafu Ijumaa tarehe 28 Novemba 2014. Nimepewa kuandika mimi, Kizza wa upakiaji, kwa kuwa hakuna aliyeyaona mambo yake kwa karibu kunishinda.

Alianza na rungu na tochi. Mwizi mmoja alimwona akipiga mwayo tu, akarudisha gunia la sukari na kuomba radhi. Wapo wanaobisha, lakini sukari yenyewe waliinywa.

Nchi ilipopata uhuru, Lemi alirudi kutoka Amerika, akawa karani wetu, na akaja na mpira wa kule, ule wenye umbo la papai. Jumamosi tukawa tunaucheza mtaa wa New Site, na Mzee akapewa kupanga ulinzi. Kazi ilikuwa hivi: wengine wanamkimbilia mrusha mpira asipate nafasi ya kufikiri, wengine wanabaki nyuma kuwachunga wanaosubiri kurushiwa. Ukipeleka wachache mbele, mrushaji anatulia na kuchagua. Ukipeleka wote, nyuma kunabaki wazi. Siku ya kwanza Mzee alituachilia wote kama nyuki. Isaac wa boda boda akaudaka mpira nyuma yetu, akakimbia, nadhani alikuja kusimama Nimule, mpakani na Uganda. Tangu hapo ikawa sheria: anayetoka nyuma kwenda kuvamia, kwanza aonyeshe nani ameshika nafasi yake.

Desemba mwaka jana bunduki zikalia mjini. Wake na watoto wetu tuliwaficha ndani ya bohari, kati ya magunia ya unga. Mchana mmoja watu wakaanza kugonga geti. Kama walikuwa askari au wezi, mpaka leo hatujui. Wote tulitaka kukimbilia getini. Mimi nilishashika nondo, na nikishika nondo watu huniachia njia.

"Mjomba Kizza, wewe rudi nyuma," Mzee akasema.

"Mzee, watu wako getini."

"Hao unawasikia. Mimi naogopa wale ambao husikii. Yala, haya, rudi."

Walinzi wachache wakasukuma mapipa kuzuia geti. Gune, mwenzangu wa upakiaji, alitaka kwenda kuwaongezea nguvu, akazuiwa mpaka Penina wa stoo aliposhika nafasi yake nyuma, pamoja nami. Ndani mtoto alikohoa, mama yake akamziba mdomo. Kisha juu ya ukuta wa nyuma vikatokea vidole. Vilijaa ukuta mzima. Penina anasema vilikuwa vya mtu mmoja, lakini Penina alikuwa amefumba macho. Tukapiga mabati kwa nondo mpaka mikono ikafa ganzi. Vidole vikaachia. Getini nako wakachoka, wakaenda. Watu wetu walitoka weupe kwa unga, wote wazima.

Vita haijaisha. Tairi la lori likipasuka bado tunalala chini, hata mimi. Sasa Mzee anakwenda kupumzika nyumbani, mtaa wa Juba na Bari, nasi tunaogopa, tusifichane. Hata hafla hii alikataa tukae wote hapa mbele. Nusu wale nyama, nusu walinde ukuta wa nyuma, kisha wapokezane. Ndiyo maana wasifu huu nitausoma mara mbili, na sichoki.

Mzee Cirillo, asante kwa watoto wetu. Mungu akupe usingizi mrefu na majirani wapole. Kundi la kwanza, malizeni nyama mwende ukutani. Wenzenu wana njaa.