Shelisheli la Kwanza la Telmita

Wasikilizaji wapendwa, udongo wa kisiwa chetu cha Enelab una sumu. Ni majivu ya lile bomu la nyuklia. Waliolipua bomu ndio walioturudisha huko, wakasema ni salama. Hapakuwa salama. Narudia: hapakuwa salama.

Jana tumemzika Telmita Lajuan, mama aliyewaumbua.

Siku ya kurudi, walikuwa wamekwangua udongo kuzunguka nyumba tu. Minazi na mishelisheli waliiacha. Kwetu, tunda la kwanza la msimu haliliwi kabla mkubwa hajalionja. Telmita alichoma shelisheli, akampa afisa wao. Afisa akalipokea kwa mikono miwili, akatabasamu, akapanda nalo melini. Tukasema, mkubwa amekula. Nasi tukala. Tulikula kwa miaka.

Watoto wakavimba shingo. Jorju, mwana wa Telmita, akatangulia kufa. Ndipo mpishi wa meli ile, mwenzetu, alipofungua mdomo: "Dada, alilitupa baharini. Yeye alikula nyama ya kopo."

Tukahamia kisiwa cha Majuro. Mwaka juzi akaja afisa mwingine: sasa ni safi kabisa, rudini. Wajukuu wa Telmita walishafunga mizigo. Bibi akaingia mkutanoni na kikapu. Ndani, shelisheli la Enelab, lililoletwa kwa mashua na kuchomwa, la moto.

"Kula kwanza, baba."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini, na tangu asubuhi unapiga miayo?" Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Kula. Ukimeza, wajukuu wangu wanapanda meli leo."

Hakula. Wajukuu wakafungua mizigo.

Binti yake, Neibwij, anasema mama aliuliza hata akiwa kitandani: "Yule amekula?"

"Bado, mama."

"Basi kila msimu mpelekeeni shelisheli. Liozee mlangoni kwake."

Leo asubuhi nimelipeleka mimi. Sikubisha hodi. Nitalipeleka tena.

Pole Neibwij, poleni ukoo mzima. Na wewe unayenisikiliza, ukiambiwa ardhi ni salama, mtazame anayesema. Je, anatafuna?

Tunda moja lililotupwa baharini lilimgharimu Telmita haya: mwanawe Jorju. Mimba mbili. Dada yake. Koo lake mwenyewe, lililopasuliwa. Na kaburi lake, ambalo liko Majuro, kwenye ardhi ya watu wengine.